Julai Nne ughaibuni: maswali yale yale ya kila mwaka kuhusu uani, jiko, wageni na fataki

Kila ikifika katikati ya Juni simu yangu haipumziki, shemeji anauliza mbuzi anapatikana wapi, kijana aliyehamia juzi anauliza kama anaruhusiwa kuchoma nyama kwenye baraza la apatimenti, mama mmoja wa Kikongo anauliza ile milio inaisha saa ngapi. Nimechoka kujibu moja moja kwa voisi noti za dakika saba, ndo nimeyaweka yote hapa. Julai Nne ni sikukuu ya uhuru wa Marekani na mimi naishi Houston, kwa hiyo majibu mengi yananukia Texas, ukiwa Ohio au Minnesota mambo ya sheria yaangalie ya kwenu.

## Ya mwanzo kabisa

Julai Nne hasa wanasherehekea nini?

Tarehe 4 Julai 1776, huko Philadelphia, wajumbe wa makoloni 13 walipitisha Azimio la Uhuru la kujitoa kwa Mwingereza. Kura yenyewe ya kujitoa walishaipiga tarehe 2, na John Adams, mmoja wa wajumbe hao, alimwandikia mke wake kwamba tarehe 2 ndo itakayokumbukwa na vizazi vyote, akakosea kwa siku mbili tu, maskini. 2026 inatimia miaka 250 kwa hiyo tegemea makelele zaidi ya kawaida. Na kwa sisi wa huku, mwaka ule wa 1776 Texas ilikuwa chini ya Mhispania wala haikuwemo, ila ukiona wanavyosherehekea utadhani wao ndo walioshika kalamu.

Usiichanganye na Juneteenth ya tarehe 19 Juni. Hiyo inakumbuka siku ya 1865 watu waliokuwa watumwa hapo Galveston, mwendo wa saa moja toka Houston, waliposomewa tangazo kuwa wako huru. Imekuwa sikukuu ya taifa zima mwaka 2021. Kuna familia nyingi za Wamarekani weusi ambazo hiyo ndo sikukuu yenyewe na Julai Nne kwao ni nyama tu na mapumziko, ukialikwa kwao uwe unajua.

Kazini kunafungwa? Benki je?

Ofisi za serikali, posta na benki zinafunga. Maduka makubwa na maghala mengi yanafungua, na kama uko kwenye ghala au hospitali uliza mapema habari ya malipo ya sikukuu maana kila kampuni ina utaratibu wake. Ikiangukia Jumamosi, kama 2026, wafanyakazi wa serikali kuu wanapumzika Ijumaa.

Sisi inatuhusu nini sasa?

Hili huwa naulizwa kwa dharau kidogo na wazee. Jibu langu ni hili: hesabu siku za wiki hiyo. Tarehe 30 Juni ni uhuru wa Kongo (1960). Tarehe 1 Julai ni uhuru wa Burundi na wa Rwanda, zote 1962, na Wasomali nao ni siku hiyo hiyo, 1960. Tarehe 4 Julai yenyewe Rwanda wanakumbuka ukombozi wa 1994. Tarehe 6 ni Komoro, 1975. Tarehe 7 ni Saba Saba yetu Watanzania, siku chama cha TANU kilipozaliwa 1954, na siku hizi ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Yani wiki moja tu na nusu ya Afrika Mashariki na Kati ina sikukuu. Kwenye uani wetu mwaka jana kulikuwa na Mrundi, Mkongo wa Uvira, Mngazija mmoja na sisi Wabongo, lugha iliyotukutanisha ni Kiswahili na siku ambayo wote hatuendi kazini ni hiyo ya Mmarekani. Basi tunaitumia.

Nianze kujiandaa lini?

Wiki tatu kabla kama unataka mbuzi mzima au unataka kugusa rangi na mbao, wiki moja kama ni kuku na soseji. Siku yenyewe asubuhi usitegemee kupata barafu wala gesi, nimeshawahi kuzunguka vituo vinne vya mafuta natafuta barafu na wageni wameshakaa.

## Uani na nyumba

Nina hela kidogo, nifanye nini kwanza ili uani papendeze?

Watu wanakimbilia mapambo. Mimi nasema kivuli, barafu, makaa, halafu mengine yote baadaye. Houston mwezi wa saba ni kama Dar ya Februari ila bila upepo wa bahari, nyuzi 35 na unyevu juu yake, na mgeni aliyekaa juani hata umpe mbuzi wa dhahabu ataondoka baada ya dakika arobaini.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye tenti au turubai, na ulifunge ukijua jua la mchana linatokea wapi. Kosa linalorudiwa ni kufunga tenti asubuhi, kivuli kinakaa vizuri juu ya meza, ikifika saa kumi jua limehamia magharibi na kivuli kiko kwa jirani. Nenda uani siku moja kabla, saa kumi jioni, uone kivuli kinaangukia wapi, weka alama. Jua linazama kwenye saa mbili na nusu usiku kwa hiyo una masaa mengi ya kupambana nalo. Feni kubwa ya kusimama ni ya pili, itakusaidia na kwa mbu pia.

Halafu kata majani siku mbili kabla, sio siku yenyewe, na usiyanyoe kipara, hii nyasi ya huku ya St. Augustine ukiikata chini sana inaungua inakuwa ya kahawia kabla wageni hawajafika. Iache inchi tatu hivi. Mashine ya kuosha kwa presha kodisha kwa siku moja, osha sakafu ya nje na viti, hiyo peke yake inafanya nyumba ionekane mpya kuliko mapambo yote ya dukani. Ila usielekeze presha kali kwenye mbao kwa karibu, inachana nyuzi zake na baadae unapata vibanzi miguuni.

Naweza kupaka rangi fensi wiki ya sikukuu?

Unaweza lakini usipake jua likiwa linapiga hapo hapo kwenye mbao. Rangi inakauka juu kabla haijashika, inakuja kubanduka. Anza asubuhi upande wenye kivuli, zungukia. Na kama umeosha kwa presha juzi au mvua imepiga, subiri mbao zikauke kabisa siku mbili tatu. Kama imebaki siku moja acha tu, fensi chafu haijawahi kumfukuza mgeni, ila fensi mbichi imeshaharibu kanzu ya mjomba wangu.

Nataka kuchimba niweke nguzo za taa au shimo la moto, kuna shida?

Piga 811 kwanza, siku chache kabla. Ni bure, wanakuja kuweka alama za rangi pale mabomba ya gesi, maji na nyaya zinapopita. Watu wetu tumezoea unachimba tu, huku ukikata bomba la gesi kwa jembe habari yako inakuwa nyingine. Kama ni taa za kamba tu huna haja ya kuchimba, chukua ndoo, simamisha mti, mwaga zege, tayari una nguzo inayohamishika.

Mbu wanatumaliza, nifanyeje?

Mwaga maji yaliyosimama, visahani vya maua, ndoo, tairi, kibwawa cha watoto, na fanya hivyo wiki nzima kabla sio siku yenyewe kwa sababu toka yai hadi mbu ni kama wiki moja hivi. Siku yenyewe feni inashinda mishumaa ya harufu, mbu hawezi kupambana na upepo. Dawa ya kupaka weka mezani watu wajihudumie.

Mapambo bila kununua takataka za plastiki?

Kanga. Tafuta za nyekundu, nyeupe na bluu, kata pembe tatu, shona kwenye kamba, zinatumika miaka kumi. Ila tafadhali usikate kanga ya mama bila kuuliza, na usikate yenye jina ambalo mtu alipewa kwa maana yake. Nunua doti ya kukata makusudi. Kitenge kwenye meza nacho kinatosha, juu yake weka tikiti maji lililokatwa, rangi zenyewe zinajileta.

Bendera ya Marekani inatundikwaje? Na naweza kuweka ya kwetu pembeni?

Ukiitundika wima ukutani, ile bluu yenye nyota iwe juu, kushoto kwa anayeangalia. Inapandishwa jua likichomoza inashushwa likizama, labda kama ina taa usiku. Ya kitambaa cha kawaida usiiache kwenye mvua. Kanuni zao zinasema pia isichapwe kwenye leso za karatasi na vitu vya kutupa, ingawa ukienda duka lolote utakuta leso hizo zimejaa rafu nzima, na raia hakuna anayefungwa kwa hilo. Mimi leso za bendera sinunui tu, naona vibaya mtu kufutia pilipili.

Ya Tanzania au Kongo unaweza kuweka, kwenye mlingoti wake mwenyewe, ukubwa sawa na urefu sawa. Usiziweke juu na chini kwenye mlingoti mmoja, hapo unasema nchi moja iko chini ya nyingine. Ya Marekani inakaa kushoto kwa mtu anayeziangalia.

Sasa kuna HOA, ile kamati ya mtaa inayokutumia barua ukisahau pipa nje. Sheria hapa Texas inawazuia kukukatalia bendera ya Marekani, ya Texas na za vikosi vya jeshi. Ya nje ya nchi haimo kwenye ulinzi huo, kwa hiyo soma kanuni za mtaa wako kabla hujagombana na mtu.

## Jiko na moto

Nakaa apatimenti, naweza kuchoma kwenye baraza?

Mara nyingi hapana. Kanuni za moto zinazotumika miji mingi hazitaki jiko la makaa au la gesi la kawaida kwenye baraza linaloweza kuungua, wala ndani ya futi 10 za jengo la namna hiyo, na hata kama mji wako umelegea mkataba wako wa nyumba labda haujalegea. Msione wengine wanachoma mkadhani imeruhusiwa. Njia nzuri ni bustani za wazi za umma, nyingi zina majiko ya chuma yaliyochimbiwa chini, ila uende asubuhi sana kwa sababu siku hiyo kila familia ya Houston inataka meza yenye mti. Jiko la umeme ni la mwisho kwangu, ruhusa yake uliza ofisini kwenu.

Makaa au gesi?

Gesi ni ya baga. Nyama choma ni makaa, hili sijadili. Chukua makaa ya magogo yaliyo kama yale ya nyumbani kama unapenda ladha, ila yanaungua haraka na yanarusha cheche. Yale ya kubumba ya mraba yanakaa muda mrefu na joto lake halirukiruki. Mimi nachanganya, nusu kwa nusu.

Kama unatumia gesi, kila mwaka ukitoa jiko stoo paka maji ya sabuni kwenye mpira na kiungio, fungua gesi kabla hujawasha, ukiona mapovu funga.

Kuwasha makaa bila mafuta inawezekana?

Inawezekana na ndo inavyotakiwa. Kuna lile bomba la chuma la kuwashia, unaweka makaa juu karatasi chini, dakika 15 hadi 20 yanakuwa na jivu jeupe juu, unamwaga. Nyama haina harufu ya petroli. Na kamwe usimimine mafuta kwenye makaa yaliyokwishashika, moto unapanda kwenye mkondo hadi kwenye chupa mkononi.

Fundi ananitengenezea jiko la pipa, nizingatie nini?

Swali zuri sana hili na watu hawaulizi. Pipa liwe lilibeba chakula, sio kemikali wala oili, na hata hilo uchome moto mkali likiwa tupu kutoa rangi ya ndani. Wavu usiwe wa mabati ya zinki, ukipata moto unatoa moshi wa sumu, wala usichukue wavu wa friji kuukuu, ile rangi yake ya kung'aa haikutengenezwa kwa moto. Tumia chuma cha kawaida au cha pua. Mwambie fundi aweke matundu ya hewa chini yanayofungika, bila hayo huna namna ya kupunguza moto zaidi ya kumwagia maji kama mtu anayezima nyumba.

## Chakula

Mbuzi anapatikana wapi na ninunue kiasi gani?

Hapa kwetu bucha za halali upande wa Hillcroft, au bucha za Wameksiko, wao pia ni walaji wa mbuzi, uliza "chivo", au "cabrito" kama unataka mtoto. Agiza wiki mbili kabla na useme ukatwaje, ukinyamaza watakukatia vipande vya supu.

Hesabu yangu ni ratili moja ya nyama yenye mfupa kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto, na barafu ratili mbili kwa kila kichwa, hiyo ya barafu watu wanaicheka hadi saa kumi ifike. Barafu ya kunywa na ya kupoozea soda ziwe kwenye madeli mawili tofauti, mikono ya watoto inaingia humo.

Mishkaki yangu inakuwa migumu, kwa nini?

Kata kinyume na nyuzi, halafu paka papai bichi lililosagwa pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Papai linalainisha kweli ila lina haraka, masaa mawili yanatosha, ukiliacha usiku kucha nyama inakuwa kama uji. Vijiti vya mianzi viloweke nusu saa visiungue. Na tafadhali viungo ulivyorowekea nyama mbichi usije ukavimiminia juu ya nyama iliyoiva, kama unataka mchuzi wa kupaka weka kando mwingine toka mwanzo.

Nitajuaje nyama imeiva ndani bila kukata kata?

Nunua thamometa ya nyama, dola kumi na kitu. Kuku nyuzi 74 za Selsiasi (hizo ni 165 za kwao), nyama ya kusaga kama baga 71, kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi 63 halafu kipumzike dakika tatu. Najua wazee watasema mbuzi wa 63 bado analia, muache aende zaidi, hakuna anayekuzuia, ila kuku wa rangi nzuri nje na damu kwenye mfupa ndo anayepeleka watu hospitali.

Jirani ameniambia nijaribu brisketi, ni nini hiyo?

Kidari cha ng'ombe, Texas hii ni dini. Moto mdogo nyuzi 225 hadi 250 za Farenhaiti, moshi wa kuni, na kama kipande ni ratili 12 jiandae kwa masaa 12 au zaidi. Katikati joto la nyama litagoma kupanda kwa masaa, usiongeze moto, nyama inatoa jasho inajipooza yenyewe, subiri tu au ifunge kwenye karatasi. Ushauri wangu wa kweli: mwache jirani aipike yeye alete, wewe mpe mishkaki, ugomvi hamna na urafiki unaanza hapo.

Sisi Waislamu, hotidogi za "nyama ya ng'ombe tupu" ni sawa?

Ng'ombe tupu haimaanishi kachinjwa kihalali, tafuta yenye alama ya halali. Wengi wanakumbuka soseji wanasahau vingine: maharage ya kopo ya siku hiyo mara nyingi yana nyama ya nguruwe ndani, zile peremende laini nyeupe za kuchoma kwenye moto zina jelatini ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe, na jeli za rangi za watoto pia uliza. Za halali zipo kwenye maduka ya Kiarabu na Kihindi. Na kama wewe ndo mwenyeji na una wageni wa pande zote, weka majiko mawili na koleo mbili, na la halali liwashwe kwanza.

Nipike pilau, ugali au nifate vya kwao?

Pilau. Inakaa kwenye sufuria imefunikwa inakuwa bado ya moto, ugali wa watu arobaini ni adhabu kwa aliyeshika mwiko kwenye joto hilo. Mahindi ya kuchoma na ndimu na pilipili yanawamaliza Wamarekani, wao wamezoea siagi, wakionja yetu hawarudi. Kachumbari kata mapema lakini chumvi na ndimu weka dakika kumi kabla, vinginevyo inaogelea.

Wali, saladi ya viazi, mayai, nyama, chochote cha kuharibika kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Huku linapita. Toa kidogo kidogo, sufuria kubwa ibaki ndani.

Kinywaji cha rangi tatu kinafanyikaje bila kuchanganyika?

Siri ni sukari, kitu chenye sukari nyingi ni kizito kinakaa chini. Chini weka juisi ya rozela uliyoitia sukari kweli kweli, jaza barafu hadi juu ya glasi, halafu mimina taratibu juu ya barafu kinywaji cheupe chenye sukari kidogo, mwisho cha bluu kisicho na sukari kabisa. Ukikimbilia inakuwa zambarau, watoto wanakunywa vile vile.

## Wageni

Mwaliko niandike saa ngapi?

Andika mara mbili, "saa nane mchana, 2 PM". Nilishaandika saa nane tu kwenye grupu, binamu yangu aliyekulia huku akaja saa mbili usiku na keki, akakuta tunaosha masufuria. Na jua kwamba Mmarekani ukimwambia 2 PM atafika saa nane na dakika tano wewe ukiwa bado na taulo, wakati wa kwetu watafika saa kumi. Mimi majirani nawaambia saa kumi na watu wetu saa nane, wanakutana mlangoni.

Nichangishe au nigharamie mwenyewe?

Kila familia ije na chungu chake, mwenyeji atoe nyama, makaa na kivuli. Grupu la WhatsApp linatosha, kamati ya watu tisa yenye mwenyekiti na mweka hazina ni ya harusi. Ila gawa vyakula kwa majina, usiseme "leteni chochote", utapata chapati sahani nane na hakuna hata mtu mmoja mwenye maji.

Nyumba ina bwawa au tunaenda penye bwawa, watoto wengi.

Mtu mzima mmoja anakaa pembeni ya maji, hana simu, hana sahani, wanapokezana kila dakika 15 au 20. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, ananyamaza. Hapa sina mzaha wala ufupisho.

Pombe?

Kwangu chini ya miaka 21 hapana, hata kama baba yake ndo anamimina. Wikiendi hiyo polisi wanajaa barabarani, aliyekunywa alale kwako au aitiwe gari.

## Fataki

Naruhusiwa kupiga fataki nyumbani?

Inategemea umesimama wapi, kihalisi. Massachusetts raia wa kawaida haruhusiwi kabisa. Texas zinauzwa kihalali kuanzia 24 Juni hadi 4 Julai, ila ndani ya mipaka ya jiji la Houston ni marufuku hata kuwa nazo, na faini inaweza kufika dola 2,000. Ndo maana vibanda vyote viko nje kidogo ya mji. Huko nje ya mipaka unaruhusiwa lakini sio ndani ya futi 600 za kanisa, shule, hospitali au kituo cha watoto. Kukiwa na ukame kaunti inaweza kubana zaidi, angalia tangazo wiki hiyo.

Anuani yenye neno Houston haimaanishi uko ndani ya jiji, na kinyume chake. Tafuta kwenye ramani ya jiji.

Zile za kushika mkononi za watoto si salama?

Zinaungua karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi. Soma tena hiyo namba halafu umpe mtoto wa miaka minne. Wape vijiti vya kung'aa vya plastiki. Kwa wakubwa, ndoo ya maji karibu, na fataki iliyokataa kulipuka usiirudie, subiri, loweka.

Bibi yetu alitoka Kongo kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, milio ile inamtesa, tufanye nini?

Hili naulizwa zaidi ya mnavyofikiria, na sio bibi tu, kuna vijana wakubwa wanaoingia chooni wanafunga mlango. Wakati mwingine mwilini mwao mlio ni mlio, huwezi kuwaelezea kuwa ni furaha.

Kwanza mwambieni mapema, siku kadhaa kabla, kwamba usiku huo kutakuwa na kelele, zinaanza giza likiingia, kwenye saa tatu na nusu za mji zinapigwa kwa pamoja halafu za mtaani zinaendelea hadi usiku wa manane. Jambo lililotangazwa linapungua ukali. Pili chumba cha katikati kisicho na dirisha la barabarani, feni, redio au kwaya anayoipenda kwa sauti, na mtu mmoja akae naye, asiachwe peke yake eti "ajipumzishe". Tatu, waombe majirani wa karibu wakuambie saa watakazopiga, wengi wakielezwa wanaelewa, mmoja wetu jirani yake alihamishia zake mwisho wa mtaa. Na kama hali inaendelea baada ya siku hizo, hasemi wala halali, mpeleke kwa daktari, sio aibu.

Mbwa naye mfungie ndani, kwa sababu hizo hizo.

Watu wanapiga risasi hewani, ni kawaida?

Ni kosa la jinai na risasi inarudi chini. Ukianza kuisikia ingiza watoto ndani, hakuna sherehe ya kumalizia hapo nje.

## Yaliyobaki

Mvua ikija?

Houston mwezi wa saba radi ya saa tisa mchana ni ya kawaida, inapiga saa moja inaondoka. Tenti ya chuma sio mahali pa kujificha radi, ingizeni watu ndani, na jiko lisiingizwe hata garaji mlango ukiwa wazi, moshi wa makaa unaua kimya kimya. Nyama imalizikie kwenye oveni, haitakuwa ile ile lakini wataila.

Nyama imebaki, niwape watu wabebe?

Kama haijapita muda niliousema kwenye swali la pilau, funga kwenye foili wabebe, mama zetu wanakuja na vyombo vyao kwenye mkoba hata hivyo. Iliyokaa juani tangu saa nane, tupa, hata kama roho inauma.

Makaa niyatupe wapi?

Sio kwenye pipa la plastiki usiku huo huo. Yanaweza kuwa na moto ndani siku mbili nzima hata yakionekana majivu. Mwagia maji, koroga, mwagia tena, weka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko mbali na nyumba. Mimi mwaka wa kwanza niliyaona yamepoa nikayatupa, tarehe 5 asubuhi pipa la jiji lilikuwa limeyeyuka limelala kama mandazi, na kamati ya mtaa ilishapiga picha.